Mkeka Uliotandikwa Barafuni

Mama yangu hawezi kuanza siku bila kumwaga maji mlangoni. Kwetu Pemba alikuwa akishaswali alfajiri, kabla hata ya kubandika birika, anafagia uwanja, halafu anachota maji kwa kopo na kuyamwaga kuanzia kizingitini hadi njiani, vumbi lilale na nyumba ifunguke. Nyumba isiyomwagiwa maji asubuhi, kwake yeye, ni nyumba ya wavivu, na riziki haibishi hodi kwa wavivu. Baba alipofariki nikamchukua aje kuishi nami hapa London, na tabia hiyo akaja nayo pamoja na kanga zake. Mtaani kwetu Queensbury hakuna vumbi. Kuna majani yaliyooza, makopo ya bia yanayotupwa na wapita njia, na mvua inayofanya kazi hiyo ya kumwaga maji bila kuombwa. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mvua hainyeshi kwa nia, yeye anamwaga kwa nia. Nikamwacha na kopo lake.

Kitu kingine alichokuja nacho ni mkeka. Usidhani ule wa rangirangi wa kutandikiwa wageni. Huu ulikuwa mweupe, mgumu, wa ukili mnene unaokwaruza mkono, aliosukiwa na mdogo wake aliyebaki Pemba, kwa ajili ya siku atakayokufa. Aliukunja pamoja na sanda yake, chupa ya marashi na kifuko cha ubani, akavisukuma chini ya kitanda. Wazee wengi wa kwetu hufanya hivyo, wala si ajabu; mtu anajiandalia safari yake asije akawasumbua watoto. Lakini mimi, kila nilipopitisha mashine ya kufagilia chini ya kitanda kile ikagonga mkeka ule, roho yangu ilichafuka siku nzima. Nilimweleza kwamba makaburi ya huku yana taratibu zake na huenda mkeka usikubaliwe. Akasema taratibu ni zao, mkeka ni wake.

Kisha figo zake zikagoma. Tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la hospitali linamchukua asubuhi, anakwenda kulazwa kwenye mashine, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Mwanzoni alilifanya jambo la kuchekesha. Akiulizwa hali na ndugu kwenye simu anasema, "Mimi mzima, ila damu yangu siku hizi inatoka kwenda matembezini." Lakini msimu wa baridi ulipoingia mzaha ukapungua. Akawa anarudi amekunjamana, anakula vijiko viwili, anageukia ukuta. Siku moja akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza sukari, "Si lazima niende kila siku yao, mwanangu. Mtu akichoka anapumzika."  Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Muuguzi wake alikuwa ameshanieleza. Akaniambia Jumatatu ndiyo siku ya kuogopa, kwa sababu kabla yake siku mbili zimepita bila mashine, na maji na chumvichumvi zimejaa mwilini. Akikosa Jumatatu, moyo unaweza kusimama tu. Alilisema hilo kwa upole, lakini mimi liliniingia kama mwiba na halikutoka.

Basi ikawa theluji imechagua kuanguka usiku wa kuamkia Jumatatu.

Niliamka nikaona dari la chumba limekuwa jeupe kwa mwanga wa nje. Theluji ilikuwa imekata, mbingu safi, baridi kali ile inayobana pua. Kabla sijavaa soksi simu ikalia: gari la hospitali haliwezi kuingia mitaa ya ndani, barabara kubwa tu ndizo zilizomwagiwa chumvi. Nikaita teksi. Wa kwanza akakubali kisha akafuta, wa pili vivyo hivyo, wa tatu hakujibu. Basi letu lilikuwa limesimamishwa. Nikasema potelea mbali, mimi mwenyewe nina gari na leseni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, nazunguka mlango hadi mlango na kigari changu, jua na mvua. Ila juu ya theluji nilikuwa sijawahi kuendesha hata hatua moja, na hilo sikumwambia mtu. Nikawapigia simu ofisini kwamba leo siji, nina mgonjwa wangu wa ndani ya nyumba.

Nilipokuwa kwenye simu nilimsikia mama chini, mlango wa mbele ukifunguliwa, fagio likikwaruza. Nikashukuru moyoni kwamba leo kaamka na nguvu. Nikakusanya blanketi lake, dawa, chupa yake ndogo ya chai, nikashuka.

Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri mno. Theluji yote kaisukuma kando kwa fagio lake la chelewa, na mawe ya uwanjani yanang'aa. Nikaweka mguu nje. Nilichofuata kukiona ni mbingu. Nilianguka chali, mfuko huku, chupa ya chai kule, na nilipogeuza shingo nikamwona mama amesimama kizingitini, kanga begani juu ya koti, kopo mkononi.

"Mama," nikasema nikiwa bado chini, "umemwaga maji?"

"Ya moto," akasema. "Nimeona kuna weupe umeng'ang'ania kwenye mawe, nikachemsha birika mbili. Umetoka wote."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Hii ilikuwa theluji yake ya kwanza. Majira ya baridi yaliyopita tulipata mvua na ukungu tu. Kwao maji yakimwagika uwanjani yananywewa na mchanga. Haya ya kwangu yalikuwa yametiririka na mteremko hadi chini ya gari, kwa sababu uwanja wetu wa mbele umeinama kuelekea nyumba, na kwa baridi ile yalikuwa yameganda kabla birika halijarudi jikoni. Gari lilikuwa limekaa shimoni, na njia ya kutokea ilikuwa mlima wa kioo.

Nikamsaidia kukaa kwenye kiti ukumbini, mlango wazi, nikaingia garini. Nikatia rivasi. Matairi yakazunguka palepale yakilia. Nikakanyaga zaidi. Gari likapiga upande, likasogelea ukuta, harufu ya mpira kuungua ikajaa. Nikashuka, nikatwaa sepetu ya bustani, nikaanza kupigapiga barafu. Vipande vidogo vikaruka, mlima ukabaki mlima.

Hapo ndipo jirani yetu wa ng'ambo ya njia alipojitokeza, na mfuko wa chumvi begani. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, kafungua na kufunga maduka mawili hapo jirani, Kingsbury, na Kiswahili chake hakijashika kutu hata kidogo. Kila asubuhi humwona mama na kopo lake, wanapungiana mikono.

"Dada, pole," akaniambia. Akatazama uwanja, akamtazama mama. "Mama, si wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki?"

"Hapa kwenu yanazoleka," mama akajibu kutoka ukumbini. "Si unamwona mwanangu anayazoa na sepetu."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Saa ilikuwa inakwenda, zamu ya mama kwenye mashine ilikuwa inakwenda, na hawa wananifanyia mzaha. Jirani akamwaga chumvi yake, akaikanyaga kwa kiatu, akatikisa kichwa. Akasema chumvi itayeyusha, hapana shaka, lakini kwa baridi hii labda hadi adhuhuri. Tunahitaji kitu kikavu chenye kukwaruza cha kuweka chini ya tairi. Gunia. Zulia kuukuu. Nikatoa vile vizulia vya mpira vya garini, nikavisukumia kwenye matairi ya mbele, ndiyo yanayovuta. Nilipokanyaga mafuta vikachomoka vikaruka hadi kwenye maua. Zulia la nyumba yetu limegundishwa sakafuni pembe hadi pembe. Gunia nani anaweka London?

Mama akaita. "Mwanangu, ingia ndani. Baridi itakuua. Mungu akishafunga njia, mja hafungui. Leo nipumzike."

Ulimi wangu hauna breki, na nimeurithi kwake. Nikatupa sepetu chini.

"Mungu hakufunga njia, mama. Umeifunga wewe na kopo lako. Kama hukutaka kwenda, ungesema jana."

Jirani akainamia viatu vyake. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata zaidi. Akasema taratibu, "Nimefagia upate kupita. Nimeona wewe ndiye utakayenipeleka, nikasema nikutengenezee njia."

 Nilipiga magoti pale pale juu ya barafu, nikajikuta nalia, mwanamke mwenye wajukuu, mbele ya jirani. Nikasema, "Mimi sitaki ufe, mama. Mkeka wako nauchukia. Kila siku naufagia nauchukia. Sitaki ufe leo, wala Ijumaa, wala kwa sababu ya theluji. Unaongea habari ya kupumzika kana kwamba nyumba hii haina mtu."

 Nikasikia kiti kikilia, fimbo yake ikigonga sakafu, ikielekea chumbani kwake. Nikadhani kaenda kulala. Jirani akaniinua kwa kiwiko, akaniambia tujaribu tena na chumvi, nami nikaokota sepetu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Fimbo ikarudi. Mama alikuwa amesimama mlangoni anahema kwa nguvu, na kwapani mwake ulikuwa mkeka, umefunguliwa kamba, sanda imetolewa.

"Huu unakwaruza," akasema. "Tandika."

"Mama, huo ni—"

"Naujua ni wa nini. Tandika kabla sijaghairi."

Sikuweza kuushika. Jirani ndiye aliyeupokea, kwa mikono miwili, na nikaona kwa namna alivyoupokea kwamba ameelewa.  Akaukunjua nyuma ya matairi ya mbele, upana wake ukayafikia yote mawili, akasukumiza ukingo chini ya mpira kwa ncha ya sepetu. Akasema mama akae mbele, maana uzito wa mbele utayakandamiza matairi.

"Basi leo haya maji yangu yana kazi," mama akasema. Alikuwa amevimba miguu na uso kwa zile siku mbili. Tukamshika huku na huku, akaingia, nikamfunga mkanda.

Nikatia rivasi. Safari hii sikukanyaga, nilitua mguu tu, kama unavyomwamsha mtoto usiyetaka alie. Nikasikia ukili ukikatika chini yetu, kra, kra. Gari likashika. Likapanda kiasi, likasita. Jirani akanipungia nisimame, akauvuta mkeka, akautandika tena juu zaidi, akakaa kando. Tukafanya hivyo hadi magurudumu ya mbele nayo yakafika njiani kwenye theluji kavu, na gari likatoka. Nilishusha kioo nimshukuru, akaniambia, "Nenda, dada. Nenda polepole."

Mtaa wetu una magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, katikati pamebaki upenyo mwembamba uliokanyagwa ukawa utelezi. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Gari likiteleza kidogo, nakanyaga breki. Nikikanyaga breki, linateleza zaidi. Mama alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Kwani umesahau kuchukua ndoo?" akaniuliza.

"Ndoo gani tena, mama?"

"Ya kisimani. Ukiwa na maji kichwani unageuka ghafla? Unasimama ghafla? Unatazama mbali, unapunguza mwendo kabla hujafika penye tope. Maji yanamwagika kwa mtu mwenye papara."

Wallahi nilitaka kumwambia kwamba yeye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Lakini shingo yangu ilikumbuka ndoo ile. Nikalegeza mabega. Nikaiacha gia ya pili ivute yenyewe, nikatazama mwisho wa mtaa badala ya kuitazama boneti, nikaacha mguu mbali na breki. Gari likatulia. Tukafika kona, nikapunguza mapema, nikakunja usukani kwa utaratibu, tukaingia barabara kubwa iliyomwagiwa chumvi, nyeusi, imelowa. Sijapata kuipenda lami kama asubuhi ile.

Kingsbury Road maduka yalikuwa yanafunguliwa. Wenye maduka wako nje na makoleo, mbele ya masanduku ya bamia na nazi, wanasafisha njia ya waenda kwa miguu. Nikaanza kujiona dereva. Tukakaribia mzunguko, na mbele yetu mwendesha pikipiki, mmoja wa wale wanaopeleka vyakula, sanduku kubwa mgongoni, akakunja akipita penye kivuli ambapo chumvi haikushika. Pikipiki ikalala. Yeye akaenda upande wake, pikipiki upande wake, na vyote viwili vikawa mbele ya gari langu.

Siku nyingine ningekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na leo hii nisingekuwa nayaandika haya kwa furaha. Ila nilikuwa mbali naye, kwa kuwa nilikuwa na ndoo kichwani. Nilikandamiza kidogo, nikaachia, nikakandamiza, nikaachia, nikasikia gari likipungua, likipungua, likasimama. Kati yetu na kofia yake ngumu pangepita mtu na baiskeli.

Mama akashusha kioo mwenyewe, akamwita kwa Kiswahili, "Baba, umeumia?" Yule mtu hakujua neno hata moja, lakini alielewa. Akajipapasa magoti, akainua kidole gumba, akaanza kuiinua pikipiki yake. Magari ya nyuma yalisubiri bila honi. Mama akamwombea dua hadi tukampita.

Wodi ilikuwa nusu tupu. Wagonjwa wengi walikuwa wamekwama majumbani, na wauguzi walikuwa wakipiga simu huku na kule kuwatafutia njia. Muuguzi wake alipomwona akamkumbatia pamoja na koti lake. Akaniuliza tumefikaje. Mama akanikodolea macho nimwambie. Nilitafuta maneno ya Kiingereza ya kumweleza mkeka ule ni nini, nikayakosa, nikamwambia tulikuja polepole.

Nilikaa naye mchana kutwa. Damu ikatoka ikarudi. Uso wake ukaanza kuwa uso wake. Kitu kimoja nilikiona: chakula kilipoletwa alikula chote, akalalamika kwamba hakina chumvi.

Tuliporudi barafu ya uwanjani ilikuwa imeyeyuka, chumvi ya jirani imefanya kazi yake kwa wakati wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameuosha mkeka na kuuanika juu ya ukuta wetu. Umechanika katikati sehemu mbili, ukili umeachana, na alama nyeusi za matairi zimekataa kutoka. Mama alisimama akaukagua pindo hadi pindo kwa vidole, kama mnunuzi sokoni.

"Huu hauziki mtu tena," akasema. Akanipa niuingize ndani. Sasa hivi uko mlangoni, tunafutia viatu.

Jioni, baada ya Maghrib, aliniambia nimpigie mdogo wake Pemba. Nikaiweka simu mkononi mwake, nikakaa karibu nikimenya viazi. Wakajuliana hali, wakaulizana habari za karafuu, za mgonjwa wa nyumba ya jirani, za mvua. Akamsimulia theluji, kopo, barafu. Nikamsikia mama mdogo akicheka hadi akakohoa. Halafu mama akasema ule mkeka umekwisha.

"Nitakusukia mwingine, dada," mama mdogo akasema. "Nitaanza kesho, nikupelekee na mtu wa kwanza atakayesafiri."

Mama akanitazama, akaona kisu kimesimama juu ya kiazi.

"Usianze kesho," akamwambia mdogo wake. "Kwanza kata ukindu, uanike vizuri, ukauke. Ufanye mpana kuliko ule. Na usuke kwa nafasi yako. Mimi sina haraka."